Namna ya kulinganisha kwantamu na Vedanta bila kujidanganya

Bila shaka ushaiona ile picha kwenye magrupu ya WhatsApp, Shiva anacheza ndani ya duara la moto, pembeni kachorwa atomu, afu chini maandishi kwamba sayansi imethibitisha walichosema Wahindu zamani sana, kila kitu ni kimoja na dunia ni ndoto. Watu wanagawanyika palepale, huyu anasema kweli kabisa yule anasema upuuzi, na wengi wao hawajafungua kitabu cha upande wowote. Mimi haya mambo, kwantamu yani fizikia ya vitu vidogo kama atomu, na Vedanta yani falsafa ya Kihindu inayotoka kwenye Upanishadi, maandiko yao ya kale, nayapenda kwa dhati, nimekaa nayo miaka, na kinachoniuma ni kwamba pande zote mbili zina utajiri mkubwa kuliko hiyo picha. Kwahiyo naandika hapa namna ninavyofanya mimi nikiletewa sentensi ya aina hiyo, naikagua vipi, na vitu gani ufanye nyumbani kwa mikono yako kabla hujaingia kwenye ubishi.

Tafuta daftari, glasi ya maji, chumvi, bano la nguo, unywele mmoja wa kichwani, na kalamu ya leza, zile nyekundu wanazouza machinga. Daftari ligawe kurasa kwa mstari katikati, kushoto fizikia, kulia Upanishadi, na chini ya kila ukurasa acha nafasi ya kutosha, hiyo nafasi ya chini ndio yenye kazi kubwa kuliko zote, nitaieleza.

Weka majina sawa kwanza

Kwetu Mhindi na Mhindu tunavichanganya sana. Mhindi ni asili, Mhindu ni dini, na Wahindi wa Afrika Mashariki wengi tu sio Wahindu, kuna Ismailia, Bohora, Singasinga, Wagoa Wakatoliki. Hilo ni jepesi. Lenye kuleta shida zaidi ni Brahman, maana yapo maneno matatu yanayofanana masikioni: Brahma ni mungu muumbaji, brahmana ni mtu wa tabaka la makuhani, na Brahman ni uhalisi wa mwisho wenyewe, ule ambao kila kilichopo kinategemea uwepo wake. Ukitafsiri Brahman kwa neno Mungu unakuwa umeshaharibu nusu ya mazungumzo, manake msikilizaji anamfikiria aliyeumba na kuamrisha, wakati Upanishadi mara nyingi zinasema juu ya kitu ambacho hakielezeki kabisa, zinaishia kusema neti neti, sio hivi, sio hivi. Mimi naacha tu Brahman kama ilivyo. Na Atman ni nafsi, lakini nafsi ya ndani kabisa, sio tabia zako wala jina lako.

Afu ukikuta mtu kaandika "Wahindu wanasema", muulize Wahindu gani. Shankara, karne ya 8 hivi, mzaliwa wa Kerala, ndiye anayesema Atman na Brahman si viwili, mafundisho yake yanaitwa Advaita yani yasiyo ya uwili. Ramanuja akaja baadaye akasema hapana, dunia na nafsi ni halisi, ni kama mwili wa Mungu. Madhva, karne ya 13, akasema Mungu na nafsi ni tofauti kabisa na vitabaki tofauti. Wote watatu wanasoma Upanishadi zilezile! Na kuna shule nyingine ya zamani, Vaisheshika, ya mwalimu aliyeitwa Kanada (jina la mtu, sio nchi), hiyo inasema vitu vimejengwa na chembe zisizogawanyika, paramanu. Picha za WhatsApp karibu zote zinamaanisha Advaita bila kujua, kwahiyo na mimi hapa nitakaa na Advaita, ila we andika jina la shule juu ya kila ukurasa wa daftari ili usimpe Ramanuja maneno ambayo aliyapinga maisha yake yote.

Usiku wa kwanza, chumvi

Chukua glasi ya maji, tia kijiko cha chumvi, iache mpaka asubuhi. Hii sio kwantamu, hili ni darasa lililomo kwenye Chandogya Upanishadi, sura ya 6. Mzee Uddalaka ana mtoto wake, Shvetaketu, ambaye alipelekwa kusoma akiwa na miaka 12 na karudi ana 24, kamaliza Veda zote, vitabu vyao vitakatifu, na kichwa kimevimba. Baba anamwambia atie chumvi kwenye maji usiku, asubuhi anamwambia haya niletee ile chumvi. Kijana anapapasa, haioni. Onja kwa juu, ikoje? Ina chumvi. Onja katikati? Chumvi. Chini? Chumvi. Ndipo baba anamwambia, kilichopo hukioni lakini kipo hapahapa, na kiini hicho ndicho nafsi ya vyote, hicho ndicho ukweli, tat tvam asi, hicho ndicho wewe Shvetaketu.

Hapo kwenye tat tvam asi Kiswahili kinatubana kwa namna ninayoipenda, ukisema "yeye ndiye wewe" umeshaingiza mtu, ukisema "hicho ndicho wewe" umeingiza kitu, na Sanskriti pale inatumia neno ambalo si la kiume wala la kike. Mimi nachagua hicho lakini kila mara naona kinapwaya.

Onja maji yako asubuhi kweli, usisome tu, onja juu, mwaga kidogo onja tena. Afu jiulize Uddalaka alifanya nini pale. Kijana hakuambiwa akaze macho, hakuletewa kitu cha kukuzia, aliambiwa abadilishe njia ya kujua, kutoka kutazama kwenda kuonja. Andika hilo upande wa kulia wa daftari kwa herufi kubwa maana tutalirudia.

Usiku wa pili, unywele

Zima taa. Bana kalamu ya leza kwa bano la nguo, bano lishike na kitufe chake kabisa ibaki inawaka, ilaze juu ya meza ielekee ukuta ulio mbali kama mita 3. Shika unywele umeukaza wima, uingize katikati ya mwanga karibu na mdomo wa leza. Usitazame leza yenyewe, usiimulike kwenye kioo, na watoto wakae nyuma yako.

Ukutani ungetegemea doa moja na kivuli chembamba cha unywele katikati. Badala yake utaona mwanga umetawanyika kushoto na kulia, vidoa vimejipanga, mwanga giza mwanga giza. Mwanga umepita pande zote mbili za unywele, mawimbi yake yakakutana, penye kuongezeana pakang'aa, penye kuuana pakawa giza. Thomas Young alionyesha jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1800, kwahiyo mpaka hapo bado hakuna kwantamu, ni wimbi tu.

Kwantamu inaanza pale unapopunguza mwanga mpaka fotoni, yani chembe za mwanga, zinapita mojamoja. Au unatumia elektroni, kama Akira Tonomura na wenzake wa Hitachi kule Japani walivyofanya, matokeo yakatoka 1989: elektroni inatua kwenye skrini nukta moja hapa, nyingine kule, nyingine kule, bila mpangilio wowote unaouona, unaweza kudhani ni matone ya kwanza ya mvua juu ya bati, lakini zikishafika maelfu kwa maelfu ile mistari ya mwanga na giza inajichora yenyewe. Kila moja ilipita peke yake! Haikuwa na mwenzake wa kugongana naye njiani. Na ukiweka kifaa cha kujua imepita upande gani, mistari inapotea. 1999 kule Vienna wakafanya jambo hilihili kwa molekuli zenye atomu 60 za kaboni, kwahiyo sio mambo ya vitu vidogo kabisa tu.

Ukishaiona ile mistari ukutani kwako, hata kama ni nusu ya hadithi, maneno ya watu kwenye video yanaanza kuwa na uzito tofauti, unajua wanasema juu ya nini.

Neno mtazamaji ndilo linalowaangusha wengi

Sentensi maarufu inasema "fizikia imegundua kwamba mtazamaji ndiye anayeumba uhalisi, kama Vedanta ilivyosema kuhusu shahidi wa ndani." Tuipasue.

Kwenye maabara anayeitwa mtazamaji ni kifaa. Hata pasipo mtu chumbani, hata kama hakuna atakayesoma matokeo, mistari inapotea ikiwa habari ya njia iliyopitwa imeshaachwa mahali, kwenye molekuli ya hewa, kwenye fotoni iliyogonga, popote. Ni kweli wapo wakubwa waliofikiria kwamba fahamu ya mtu inahusika, Eugene Wigner aliandika hivyo 1961, ila baadaye yeye mwenyewe aliliacha wazo hilo. Na fafanuzi zipo nyingi mpaka leo, ya akina Bohr, ya David Bohm ya 1952, ya Hugh Everett ya 1957 yenye malimwengu mengi, zote zinatoa hesabu zilezile na kubishana juu ya maana yake. Kwahiyo anayekuambia "fizikia imesema fahamu inaumba" kachukua wazo la wachache akalitangaza kama matokeo ya maabara.

Upande wa pili ndio unaonishangaza zaidi. Shahidi wa Advaita anaitwa sakshi, na sifa yake kubwa ni kwamba hafanyi kitu. Mundaka Upanishadi ina picha nzuri ya ndege wawili marafiki kwenye mti mmoja, mmoja anakula tunda, mwenzake hali, anatazama tu. Huyo wa pili hagusi, habadilishi, hachagui. Kifaa cha maabara ni kinyume chake kabisa, kinagusa, na kugusa kwake ndiko kunakobadilisha matokeo. Kama ungelazimisha kulinganisha, kifaa ni yule ndege anayekula! Yani ulinganisho unaopendwa kuliko wote umewekwa kichwa chini miguu juu. Hilo liandike kwenye ile nafasi ya chini ya ukurasa, maana kazi ya nafasi ile ni hiyo, mahali ulinganisho unapokatika.

Jozi zinazostahili muda wako

Udongo na uga. Hii ndio naiona ina nguvu kuliko zote za upande wa maumbile. Uddalaka yuleyule, mwanzoni mwa sura ya 6, anamwambia mwanae kwamba ukijua donge moja la udongo umejua vyote vilivyofinyangwa kwa udongo, chungu, mtungi, sahani, tofauti zao ni majina yanayotoka mdomoni, ukweli ni udongo. Sasa fizikia ya leo haisemi elektroni ni vijipunje vilivyotengenezwa kimojakimoja, inasema kuna uga mmoja wa elektroni, yani kitu kimoja kisichoonekana kilichojaa kila mahali, umeenea kote, na kila elektroni ni msisimko wa uga huo, kama wimbi lilivyo la bahari. Ndio maana elektroni zote zina chaji ileile na uzito uleule bila hata kidogo kupishana, ya kwenye ukucha wako na ya kwenye nyota ya mbali. Nikilifikiria hili usiku nashindwa kulala, kwa furaha.

Ila inakatika mahali pawili. Uga sio mmoja, kuna wa elektroni, kuna za kwaki (chembe zilizomo ndani ya kiini cha atomu), kuna wa mwanga na kadhalika, wanafizikia wengi wangependa kuziunganisha zote na hawajafanikiwa. Na pili, zito zaidi, uga ni kitu kinachojulikana, una mlinganyo, unapimwa, wakati Brahman kwa Shankara ni ufahamu wenyewe, ndiye anayejua na kamwe hawi kinachojuliwa. Mwalimu Yajnavalkya kwenye Brihadaranyaka, Upanishadi nyingine, anamuuliza mkewe Maitreyi, yule ambaye kwake vyote hujulikana, atajulikana kwa nini? Kwahiyo mtu akisema "uga wa kwantamu ndio Brahman", kwa kipimo cha Upanishadi zenyewe kamshusha Brahman akamfanya kitu kimojawapo kati ya vitu.

Chembe zilizofungamana. Chembe mbili zikitoka pamoja kwa namna fulani, hali ya jozi nzima inajulikana kamili huku kila moja peke yake haina hali yake kamili. John Bell, 1964, akaonyesha namna ya kupima kama kila chembe imebeba jibu lake kwa siri ndani yake tangu mwanzo, vipimo vikafanyika, Alain Aspect mwaka 1982 na wengine, jibu likawa siri ya hivyo haipo, na Nobeli ya 2022 ikaenda kwa Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger. Wachina nao 2017 walitangaza kufungamanisha fotoni kupitia satelaiti kwa umbali wa zaidi ya kilomita 1,200. Kinachofanana na Advaita ni hiki tu, kwamba mzima unatangulia vipande, na hilo sio dogo. Kinachokatika: mfungamano unavunjika kirahisi mno, mguso mdogo wa joto umekwisha, na hauwezi kupeleka ujumbe hata neno moja. Kwahiyo wanaouza dawa au maombi ya mbali kwa jina la kufungamana, acha kabisa.

Atomu tupu na maya. "Atomu ni tupu karibu yote, kwahiyo dunia ni maya", wakimaanisha ndoto tu. Kiini cha atomu ni kidogo sana kweli, upana wake ni kama mara makumi ya maelfu chini ya upana wa atomu, lakini hiyo nafasi iliyobaki imejaa wimbi la elektroni, ndio maana meza inakataa mkono wako kupita. Na maya nayo haimaanishi hakuna kitu. Mfano wa Shankara ni kamba gizani unayoidhania nyoka: nyoka huyo hayupo kweli, lakini sio kwamba hakuna kitu pia, maana ulimwona na moyo ukadunda. Ni jambo la katikati lisiloelezeka. Shankara mwenyewe aliwapinga vikali Wabudha waliosema vitu vya nje ni mawazo ya akilini tu, alisema tunaviona viko nje, nguzo na ukuta, huwezi kukataa. Watu wengi wanamsingizia alichokipinga.

Oppenheimer na ile Shiva ya Geneva, hizi pita haraka. Oppenheimer, mwanafizikia aliyeongoza kutengeneza bomu la atomu, alijifunza Sanskriti kule Berkeley na alinukuu Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 11 aya ya 32, akizungumzia bomu la Julai 1945, na neno alilolitafsiri kama kifo ni kala, ambalo kwa kawaida ni wakati. Ni habari ya dhamiri ya mtu, sio ya kwantamu. Na sanamu ya Shiva Nataraja pale CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Geneva, mita 2 kwenda juu, ni zawadi ya serikali ya India, ilizinduliwa Juni 2004 kwa ajili ya ushirikiano wao wa muda mrefu. Nzuri sana kuitazama, haithibitishi chochote.

Fuata njia ya kitabu mpaka kwa Schrödinger

Ukitaka mahali ambapo pande hizi mbili zilikutana kweli ndani ya kichwa cha mtu mmoja, nenda kwa Erwin Schrödinger, mmoja wa waasisi wa kwantamu, na uanzie mbali. Mwaka 1657 mwanamfalme wa Kimughal, Dara Shikoh, Muislamu, aliwakusanya wanazuoni wakatafsiri Upanishadi 50 kutoka Sanskriti kwenda Kiajemi. Miaka 2 baadaye nduguye Aurangzeb akamuua. Ile tafsiri ya Kiajemi ikamfikia Mfaransa Anquetil-Duperron, akaitia Kilatini, ikachapwa 1801 na 1802. Kilatini hicho kikasomwa na Mjerumani Schopenhauer, kikawa faraja ya maisha yake. Na Schopenhauer akasomwa na kijana wa Vienna baada ya vita ya kwanza ya dunia, ndiye Schrödinger, naye akaanza kutafuta vya Kihindi vyenyewe.

Sasa angalia tarehe. Majira ya vuli ya 1925 Schrödinger anaandika insha ya mtazamo wake wa maisha, imejaa Vedanta. Mlinganyo wake wa wimbi unatoka Januari 1926. Yani imani ilitangulia hesabu! Hakuipata Vedanta kwenye kwantamu, na hakuna mahali kwenye mlinganyo pana Sanskriti. Heisenberg naye, mwasisi mwingine wa kwantamu, watu wanasema alipata mawazo kwa Tagore, mshairi wa India, ila kanuni yake ya kutokuwa na uhakika ni ya 1927 na safari yake ya India ni ya 1929.

Schrödinger alikuja kusema hoja yake vizuri kwenye mihadhara ya Dublin 1943 iliyochapwa 1944, pale mwishoni. Hoja yenyewe haitumii kwantamu kabisa, tena alisema wazi kwamba kubahatisha kwa kwantamu hakuna kazi ya maana kwenye suala hili. Anasema fahamu haijawahi kuonekana kwa wingi, siku zote ni umoja. We jaribu. Tafuta ndani yako fahamu mbili kwa wakati mmoja, utapata mawazo mengi, hofu nyingi, sauti nyingi, ila kinachovijua vyote hivyo unakikuta kimoja. Anasema basi huo wingi tunaoudhania, fahamu yangu na yako na ya yule, ni kama kuona kitu kimoja kwenye vioo vingi. Na kwenye maandiko yake ya baadaye anaeleza kwa nini fizikia haikioni: ili kuchora picha ya dunia, mwanasayansi anajitoa yeye kwanza, mchoraji hayumo kwenye mchoro, afu akishamaliza anashangaa mbona mchoroni hamna aliyejua.

Rudi hapo kwenye ule ukurasa wa chumvi. Macho hayakuiona. Sio kwamba macho ni mabovu, na hakuna aliyemwambia kijana aache kuyatumia.

Sasa andika sentensi yako

Chukua ile meseji ya WhatsApp uiandike upya, na kila sentensi iwe na vitu vitatu, nani amesema, nini kinafanana, wapi panakatika. Ukikosa cha tatu ujue bado hujasoma vya kutosha upande mmojawapo, rudi usome, Chandogya sura ya 6 na Upanishadi ya Mandukya yenye aya 12 tu zinatosha kuanzia, na kwa fizikia anza na jaribio la mianya miwili, ndugu wa lile la unywele, mpaka uweze kumuelezea mtu asiyesoma sayansi.

Yangu ilitoka hivi: "Uddalaka alisema vyungu vyote ni udongo na tofauti ni majina, fizikia ya leo inasema elektroni zote ni misisimko ya uga mmoja, na hapo vinafanana, ila uga unapimwa na Brahman kwa Advaita ndiye anayejua kila kipimo, kwahiyo huwezi kumtafuta ukutani. Schrödinger aliyeujua mlinganyo kuliko sisi sote hakumtafuta huko." Hiyo ndio niliituma kwenye grupu, chini ya picha ya glasi ya maji, na wawili wakauliza mbona glasi haina kitu, nikawaambia waonje.